"Reason for" si "reason of": nani kasema?

Najua wengi mnangoja habari za bwenini, maji yaliyokatika tena, na yule paka anayetumalizia dagaa. Leo sina hayo. Leo nna jambo la somo, tena somo lenyewe Kiingereza. Nivumilieni, kwani ndani yake mna watoto wa watu na maksi zao.

Swali ni hili. Ukishaandika jina kwa Kiingereza, mathalan "reason", "solution", "interest" au "increase", kineno gani kinafuata? "Of"? "For"? "To"? "In"? "On"? Sisi tunaosomea ualimu tunaviita vihusishi. Vidogo kama dagaa, herufi mbili tatu tu, lakini miiba yake wallahi usiombe.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya sekondari hapa Wete, kidato cha tatu. Mwalimu mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, kafundisha Kiingereza tangu mie sijazaliwa. Akanikabidhi madaftari 48 ya insha. Mada: matatizo ya mtaani kwetu na namna ya kuyatatua. Insha zilikuwa na mambo, mashaallah! Mmoja kaeleza taka za sokoni. Mwengine kaeleza vijana wanaobaki barazani msimu wa karafuu ukimalizika. Mwengine kaeleza safari ya kuteka maji alfajiri kabla ya skuli. Mambo yenye akili kabisa. Lakini kila ukurasa ni yale yale: "the reason of this problem", "the solution of this problem", "the increase of price", "people have no interest of cleaning", "respect to elders", "effect to our health".

Utaratibu wa kusahihisha niliopewa ulikuwa kila kosa la sarufi ni nusu maksi. Hebu pigeni hesabu. Kulikuwa na binti mmoja ambaye kwa fikra na mpangilio alistahiki 15 kati ya 20. Makosa yake ya vihusishi 14. Zimeondoka maksi saba, kabaki na 8. Kutoka mtoto mzuri mpaka mtoto aliyeanguka, na kilichomwangusha ni "of". Na kwetu maksi za darasani hazikai darasani, zinakwenda nyumbani. Nyumba nyengine maksi ya 8 ndiyo inayoamua kama mtoto atalipiwa masomo ya ziada au ataambiwa "mwanangu, yatosha, kaa umsaidie mama."

Nikaanza kurudisha madaftari. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, mpole, hata sauti yake nilikuwa sijaizoea, akanyoosha mkono.

"Maalim, samahani. Hii 'solution of' ina kosa gani?"

Nikamwambia, "Hapo tunasema 'solution to the problem'."

"Sasa Maalim, mbona kwenye Kemia tumeandika 'a solution of salt in water' na tumetiliwa vyema?"

Darasa kimya. Wote wananitazama. Jibu rahisi analijua kila mtu aliyepita sekondari za kwetu: Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri. Lakini mtoto kaleta ushahidi! Kasoma, kaona, kalinganisha, kauliza. Ukimjibu "kariri" unamfundisha kwamba kufikiri hakuna faida kwenye somo hili. Nikamwambia swali lako zuri sana, nipe mpaka Jumatatu. Wikiendi yote ile nikaishi na vihusishi.

Nilianzia nyumbani, kwenye Kiswahili. Angalia tunavyosema: sababu ya kuchelewa, suluhisho la tatizo, ongezeko la bei, jibu la swali, ufunguo wa mlango, kodi ya karafuu, hamu ya kusoma, ukosefu wa maji. Kila mahali ni ile ile -a unganifu, inabadilisha kichwa tu kwa mujibu wa ngeli. Hii -a yetu ni jamvi la shughuli, anakaa kila anayekuja. Sasa pitisha orodha ile ile kwa Kiingereza: reason for, solution to, increase in, answer to, key to, tax on, interest in, lack of. Majina manane, vihusishi vitano! Ni "ukosefu wa maji" pekee uliopata "of". Kwa hiyo mtoto anayeandika "of" kila mahali si mzembe. Amefundishwa kwamba "of" ndiyo -a, naye kaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu.

Halafu ipo "kwa". Hii nayo ni mtihani. Kwa kisu, "with". Kwa miguu, "on". Kwa daladala, "by". Kwa Kiingereza, "in". Kwa mjomba, "at". Kwa wiki mbili, "for". Neno moja, milango sita. Mtoto anajua "heshima kwa wazee", na yeye katika kichwa chake "kwa" ni "to", basi anaandika "respect to elders". Mwingereza anataka "respect for elders". Pemba nzima hakuna mtoto asiyeijua heshima kwa wazee, lakini kwenye karatasi anakatwa kwa hiyo hiyo heshima. Teh teh teh, mnisamehe, nacheka lakini inauma.

La tatu ni kitenzi. Kiswahili kazi kubwa ya vihusishi tumeificha ndani ya kitenzi chenyewe, kwenye kauli ya kutendea. Andika, andikia. Kimbia, kimbilia. Lia, lilia. Wananchi wanalilia haki: ile "for" ya Kiingereza imo tumboni mwa "lilia", huioni. Ukigeuza kuwa jina unapata "kilio cha haki", na -a yetu imerudi tena. Mwingereza "for" yake anabaki nayo kotekote: wanalia "for justice", na kilio chenyewe ni "a cry for justice". Mtu aliyekulia na lugha inayoficha kihusishi ndani ya kitenzi atakionea wapi kihusishi kilichokaa nje, peke yake, baada ya jina?

Na Kiingereza chenyewe kina vitimbi. Kuna vitenzi visivyotaka kihusishi, lakini jina lake likizaliwa linataka. "Answer the question", hakuna kitu katikati. Lakini "the answer to the question". "They demanded money", lakini "a demand for money". "We visited Chake", lakini "a visit to Chake". "They attacked the town", lakini "an attack on the town". "We discussed the problem", lakini "a discussion about the problem". Ndio maana "discuss about" imeenea, na si kwetu peke yetu, India na Nigeria wanaisema vile vile. Mtu kalisikia jina lina "about", akadhani na kitenzi kinayo. Josef Schmied, msomi wa Kijerumani aliyeandika kitabu juu ya Kiingereza cha Afrika mwaka 1991, ameligusa jambo hili la vihusishi kwetu kutumika tofauti na Uingereza. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wete. Ni njia ambayo watu wengi wanaipita kwa sababu zinazoeleweka.

Sasa kijana wangu wa Kemia. Yeye na mwalimu wake wa Kemia wote wako sawa! "Solution" kwa Kiswahili ni maneno mawili. Moja ni myeyusho, na myeyusho unataka "of": "a solution of salt", yaani kilichomo ndani yake. Jengine ni ufumbuzi, na ufumbuzi unataka "to", kwa sababu unakwenda kukutana na tatizo, kama jibu linavyolikabili swali na ufunguo unavyouendea mlango. Kihusishi ndicho kinachokwambia ni "solution" ipi.

Nilipoliona hilo nikaanza kuwatafuta wenziwe, na wako wengi. Tazama "sababu". Sisi tuna moja, Waingereza wanazo mbili: "cause" inakwenda na "of", "reason" inakwenda na "for". Vijidudu anavyobeba mbu ndivyo "the cause of malaria". Mvua ndiyo "the reason for my absence". Mtoto akichanganya "reason" na "of", mara nyingi anafikiria "cause".

Tazama "ongezeko". "An increase in the price", kilichoongezeka ni bei. "An increase of 2,000 shillings", hicho ni kiasi kilichoongezeka. Kiswahili zote mbili ni "ongezeko la". Unaweza hata kuzikusanya: "an increase of 2,000 shillings in the price of cloves". Vihusishi vitatu, kila kimoja na kazi yake, hakuna anayemsukuma mwenzake.

Tazama "athari". Ina ncha mbili. Kinacholeta athari kinapata "of", kinachoathirika kinapata "on": "the effect of smoke on our health". Sisi tunasema athari za moshi, na tunasema athari za kiafya, msikilizaji anajijazia mwenyewe. Na "interest"? Ukiwa na hamu ya kitu ni "interest in". Ukiona "interest on" kwenye mkopo, hiyo ni riba, kimbia! Hili darasa walilipenda sana.

Basi nikaona majina haya yana koo zake. Si kanuni ya chuma, lakini inasaidia.

Ukoo wa "for" ni wa kutaka na kuelekea: demand, need, request, desire, search, respect, na "reason" amekaa humo humo.

Ukoo wa "in" ni wa kupanda na kushuka, na wa imani: increase, rise, fall, change, kisha belief, confidence, interest.

Ukoo wa "to" ni wa kufika kwa mwenzako: answer, solution, key, visit, damage, threat, access.

Ukoo wa "on" ni wa uzito unaokaa juu ya kitu: tax, ban, attack, effect, pressure, dependence.

Ukoo wa "with" ni wa watu wawili kukutana: contact, agreement, quarrel.

Na "of" mwenyewe anabaki na wake: cause, lack, shortage, fear, knowledge, risk.

Mtasema, je nisiye na ukoo wa neno nimjuaje? Hapo kuna kitu ambacho wanafunzi wengi wanacho mkononi na hawakioni. Kamusi! A. S. Hornby alikuwa mwalimu Mwingereza aliyefundisha Japani tangu miaka ya 1920. Wanafunzi wake wa Kijapani walisumbuliwa na mambo haya haya, kwa sababu kamusi za Waingereza ziliandikiwa Waingereza, na Mwingereza hahitaji kuambiwa "reason" inakwenda na nani. Yeye na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatunga kamusi ya mwanafunzi mgeni, ikachapwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaichapa mwaka 1948. Hiyo ndiyo bibi wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi inayokaa kwenye makabati ya maktaba zetu. Ifungue kwenye "reason". Utaona kialama kama wimbi la bahari, ~, na mbele yake "for". Lile wimbi ni neno lenyewe, na "for" ndiye mwenzake. Wapo watu wanaoitumia kamusi miaka minne kutafuta maana tu, wimbi lile hawalitazami.

Siku hizi zaidi ya hapo kuna hazina za maneno kwenye kompyuta. Ile ya Uingereza iliyokamilika mwaka 1994 ina maneno milioni 100, na ile ya Marekani aliyoianzisha Mark Davies mwaka 2008 imepita bilioni moja. Unauliza "reason" hufuatwa na nini, inakujibu kwa kuhesabu maandishi ya watu halisi. Kwa hiyo lile swali la kichwa cha habari, nani kasema? Hakuna mfalme aliyesema. Wamesema watumiaji wenyewe, kwa mamilioni, mpaka ikawa ada.

Hapo ndipo nilipopata jibu la Jumatatu, na halikutoka kwenye kitabu cha Kiingereza. Limetoka kwenye ngeli.

Sisi tunasema jibu LA, ufunguo WA, sababu YA, kitabu CHA. Nani anaamua iwe la au cha? Jina la mbele yake. Mgeni akisema "kitabu ya mwalimu" tunacheka, na akituuliza kwa nini "cha", tunamjibu vipi? Kwa sababu ni kitabu! Askofu Edward Steere alipoandika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alilazimika kuwapangia wageni majina kwa makundi, kila kundi na -a yake. Kwetu ni jambo la kunyonya na maziwa, kwa mgeni ni mlima. Sasa Kiingereza kinafanya mchezo ule ule. Jina la kushoto ndilo linaloamua. "Key" inasema "to" kama ufunguo unavyosema "wa". "Tax" inasema "on". "Lack" inasema "of". Tofauti ni kwamba -a yetu inabadili nguo tu na vihusishi vyao vinabadilisha na maana. Lakini kanuni ya kujifunzia ni moja: usijifunze jina peke yake. Hakuna anayejifunza Kiswahili sawasawa kwa kukariri "kitabu" bila ya "cha" na "vitabu". Basi usiandike daftarini "solution = ufumbuzi". Andika "solution to = ufumbuzi wa".

Jumatatu nikaingia na vikaratasi. Vyeupe vya majina, vya manjano vya vihusishi, kila mtu kimoja. Nikawaambia leo tuna harusi, kila jina limtafute mwenzake. Zogo lake! Dakika kumi darasa lilikuwa kama bandarini boti ikifika. Mwisho "of" kazungukwa na majina saba, na sauti ikatoka pembeni: "Maalim, 'of' kapindukia wanne!" Hata mwalimu mwenyeji wangu aliyekuwa kakaa nyuma kajifunika mdomo kwa mtandio.

Baada ya harusi tukaandika pamoja, na mada nikachagua karafuu, maana hapo hakuna wa kumdanganya mwenziwe. Mambo wanayajua: kimbunga cha mwaka 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi, Indonesia walivyokuwa wanunuzi wakubwa kwa ajili ya sigara zao za kretek, mpaka walipojitosheleza kwa karafuu zao wenyewe miaka ya 1980 na bei ikaporomoka. Wao wakasema kwa Kiswahili, tukaitafuta sentensi. "There was great damage to the trees in Unguja." "The demand for cloves in Indonesia was high." "Then there was a fall in the price." "Our dependence on one crop is a danger to the island." Hii ya mwisho ilitoka kwa yule binti wa maksi 8. Nimeinakili kama alivyosema, "dependence on" na "danger to", zote mbili sawa, bila ya mtu kumnong'oneza.

Na yule kijana wa Kemia? Nilimpa kazi ya kutunga sentensi moja yenye "solution" zote mbili. Siku ya pili kaniletea hii: "A solution of sugar and salt in clean water is a solution to the problem of dehydration." Ile dawa ya maji, sukari na chumvi anayopewa mtoto akiharisha! Mie na shahada yangu inayokaribia nisingeibuni.

Sasa msije mkadhani kila kitu kimenyooka. Insha iliyofuata "reason for" zilikuwa nyingi, "solution to" nyingi. "Interest of" bado imeganda kama gundi. "Respect to elders" imepungua kidogo tu. Wiki tatu haziwezi kufuta miaka tisa. Na hii ndiyo sehemu inayoninyima usingizi. Watoto hawa masomo mengi ya sekondari wanayasoma na kuyafanyia mtihani kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zianze kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Na tangu mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilishasema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari Tanzania hakitoshi kusomea masomo mengine. Kwa hiyo "of" haimwangushi mtoto kwenye Kiingereza peke yake, inamfuata mpaka Jiografia.

Chumbani kwetu tumebishana mpaka saa sita usiku. Mwenzangu anayesomea Biolojia anasema, "Mie mtoto akiandika 'cause for malaria' nampa maksi yake kamili. Kamjua mbu, yatosha." Mwengine anasema huko ni kuwadekeza, msahihishaji wa Taifa hamjui mtoto wala mama yake. Mimi nasema hivi. Kwenye Biolojia, Historia, Jiografia, maana ikifahamika mpe maksi yake, kihusishi kizungushie duara tu. Kwenye Kiingereza, ndiyo, kihusishi ni sehemu ya somo, lakini hukati maksi ya kitu ambacho hujakifundisha. Na kabla ya kukata hakikisha kweli ni kosa. "Attitude to" na "attitude towards" zote sawa. "Research on" na "research into" zote sawa. Nimeona daftari la mtoto kakatwa kwenye "attitude to" kwa sababu msahihishaji aliijua moja tu. Sitaji wapi.

Nikajikaza nikaenda kwa mwalimu mwenyeji. Nikamuomba kama inawezekana, makosa ya vihusishi tuyapigie mstari, mtoto apewe wiki moja ayasahihishe mwenyewe kwa kamusi, akiyapata yote arudishiwe nusu ya maksi alizokatwa. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Mwanangu, nimekukubalia. Darasani mwangu fanya. Lakini waambie ukweli: mtihani wa Taifa haumpi mtu wiki moja."

"Nitawaambia, Mwalimu."

"Na hiyo kazi ya madaftari kusahihisha mara mbili ni yako, mie macho yangu yamechoka."

Haki yake. Nimesahihisha madaftari 48 mara mbili. Wengine hawakurudisha kabisa. Yule binti alizipata zote 14, karejeshewa maksi tatu na nusu, kafika 11 na nusu. Si maksi ya kupigiwa vigelegele, lakini imevuka nusu.

Mazoezi yamekwisha, mie nimerudi kampasi, na darasa lile sasa halina Maalim wa vikaratasi. Mwakani wanakaa kidato cha nne. Kwa hiyo kama wewe msomaji una mdogo wako sekondari, mfanyie haya matatu. Mnunulie daftari dogo, kila jina jipya la Kiingereza aliandike pamoja na mwenzake. Mfunulie kamusi umuonyeshe lile wimbi. Na akikuuliza "kwa nini?", usimwambie "kariri". Kaa naye mtafute, mara nyengine jibu limelala kwenye Kiswahili chenu wenyewe.

Na walimu mnaosoma hapa, nyie mnakata nusu maksi, robo, au mnaacha? Nataka kujua kweli, maana mwaka ujao inshaallah kalamu nyekundu itakuwa yangu rasmi.

Haya, umeme umerudi, nakimbilia kupiga pasi kabla haujaondoka tena. Alamsiki.